Ufafanuzi Kuhusu Uzito wa Kichwa cha Risasi kwa Bastola za Kawaida

Watumishi wa Serikali ambao kazi zao zinawalazimu kubeba bastola, pamoja na wananchi wenye vibali halali vya kumiliki silaha hiyo, hukuta juu ya pakiti za risasi nambari mbali mbali kama vile 115, 124, 147, 158, 180 au 230. Wapo wanaozichukulia nambari hizo kuwa ni daraja za ukali, na kwa hivyo hudhani kwamba nambari kubwa ndiyo bora zaidi. Dhana hiyo si sahihi. Makala haya yanaeleza maana ya nambari hizo, mambo yanayobadilika pale uzito unapobadilika, na njia iliyo salama ya kuchagua.

MAANA YA MANENO

Katika lugha ya Kiswahili neno risasi lina maana zaidi ya moja. Ni jina la madini mazito na laini ya rangi ya kijivu. Ni jina la kitu kizima kinachopakiwa katika silaha. Na vile vile ni jina la kile kinachoruka na kumfika mlengwa. Ili kuepuka mchanganyiko, ni vyema kutenganisha sehemu zake nne. Ya kwanza ni ganda, ambalo aghalabu hutengenezwa kwa shaba ya manjano. Ya pili ni fataki, iliyopo kitakoni mwa ganda, ambayo hutoa cheche inapogongwa. Ya tatu ni baruti, ambayo huungua na kuzaa gesi. Ya nne ni kichwa, nacho ndicho peke yake kinachotoka katika mdomo wa mtutu.

Nambari zilizotajwa hapo juu ni uzito wa kichwa tu, wala si uzito wa risasi nzima au wingi wa baruti. Kipimo chake ni greni, kipimo cha zamani cha Kiingereza ambacho asili yake ni uzito wa punje ya shayiri. Greni 7,000 ni sawa na ratili moja, na gramu moja ni sawa na greni 15.4 hivi. Kwa hivyo kichwa cha greni 115 kina uzito wa gramu 7.5 takriban, na kile cha greni 230 kina gramu 14.9.

Kaliba, kwa upande wake, ni kipimo cha upana na wala si cha uzito. Hata hivyo majina ya kaliba hayaaminiki sana kama vipimo. Risasi iitwayo 0.38 Special ina kichwa chenye upana wa milimita 9.07, ambao unakaribia kabisa ule wa risasi ya milimita 9, ilhali risasi hizo mbili ni tofauti na haziwezi kubadilishana. Jina lililochongwa juu ya silaha lazima lilingane na jina lililochapwa kitakoni mwa ganda, na sharti hilo hutangulia mazungumzo yoyote ya uzito.

MAMBO YANAYOBADILIKA KWA UZITO

Inafaa ieleweke kwanza kwamba kila risasi ina kikomo cha mgandamizo wa gesi ambacho mtengenezaji haruhusiwi kukipita, kwani kukipita ni kuhatarisha silaha na mkono unaoishika. Kikomo hicho hakibadiliki kwa sababu kichwa kimeongezwa uzito. Aidha, kichwa kizito cha kaliba ile ile huwa kirefu zaidi, na kwa kuwa urefu wa risasi nzima umewekewa mpaka ili iingie katika magazini, urefu huo wa ziada huzama ndani ya ganda na kupunguza nafasi ya baruti. Matokeo yake ni kwamba kila uzito unapopanda, mwendo hushuka.

Mfano wa milimita 9 unalidhihirisha jambo hili. Kichwa cha greni 115 hutoka katika mtutu wa bastola ya kawaida kwa mwendo wa mita 355 hivi kwa sekunde. Kichwa cha greni 147 hutoka kwa mwendo wa mita 300 hivi. Ukifanya hesabu ya nguvu, cha kwanza kinabeba jouli zipatazo 470 na cha pili jouli 430. Ukifanya hesabu ya msukumo, yaani uzito mara mwendo, kile kizito kinakizidi kile chepesi kwa kiasi cha asilimia 8. Kwa maneno mengine, kila kimoja kinashinda kwa kipimo kimoja na kushindwa kwa kipimo kingine, na tofauti zenyewe ni ndogo.

Ukiacha mwendo na nguvu, yapo mambo mengine manne yanayoathiriwa na uzito:

(a) Msukumo wa kurudi nyuma. Kichwa chepesi chenye mwendo mkali humshtua mpigaji kwa ghafla, na kile kizito humsukuma polepole zaidi. Wapo wapigaji wengi wanaouona msukumo wa greni 147 kuwa laini, ijapokuwa kwa hesabu haupungui.

(b) Mahali inapopiga. Katika rivolva yenye shabaha isiyorekebishika, kichwa kizito hupiga juu zaidi ya kile chepesi katika masafa mafupi. Sababu ni kwamba kichwa hicho hukawia ndani ya mtutu, na mtutu unakuwa umeanza kunyanyuka kabla hakijatoka. Mtu aliyezoea uzito mmoja, kisha akapakia mwingine bila ya kujaribu, hana hakika ya mahali atakapopiga.

(c) Utendaji wa mtambo. Bastola ya magazini hutegemea msukumo wa risasi yenyewe ili kulitoa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine. Silaha iliyopangwa kwa msukumo wa kiasi fulani huweza kukwama inapopewa risasi dhaifu mno, na huchakaa upesi inapopewa kali mno.

(d) Sauti. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20. Kichwa kinachopita mwendo huo huzaa mlio wake wa pili njiani, mbali na ule wa baruti. Kichwa cha greni 147 cha milimita 9, na kile cha greni 230 cha 0.45, kwa kawaida hakifikii mwendo huo. Hata hivyo mlio wa mdomo wa mtutu unabaki, na bado unaumiza masikio.

UZITO WA KAWAIDA KWA KILA KALIBA

Kila kaliba ilizaliwa na uzito wake, na uzito huo wa asili mara nyingi ndio ambao silaha zake zimepangiwa.

Milimita 9. Risasi hii ilibuniwa na Georg Luger wa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ikachukuliwa na jeshi la majini la nchi hiyo mwaka 1904 na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Leo ndiyo risasi ya bastola iliyoenea zaidi duniani katika majeshi na polisi. Uzito wake wa kawaida ni greni 115, 124 na 147. Greni 115 hutumia madini machache, aghalabu huwa rahisi kwa bei, na hupendwa kwa mazoezi. Greni 124 iko karibu na uzito wa asili wa gramu 8, na ni chaguo la katikati linalokubaliwa na takriban kila bastola ya kaliba hiyo.

0.38 Special. Ni risasi ya rivolva iliyotolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwishoni mwa karne ya 19. Uzito wake wa asili ni greni 158, na shabaha za rivolva nyingi za zamani zimewekwa kwa uzito huo. Greni 125 na 110 zilikuja baadaye, nazo hufaa zaidi katika rivolva ndogo zenye mtutu mfupi, ambazo msukumo wake humsumbua mpigaji.

0.45 ACP. Ilibuniwa na John Browning wa Marekani, na ikaingia jeshini pamoja na bastola ya mwaka 1911. Kichwa chake cha greni 230 huenda kwa mwendo wa mita 255 hivi tu kwa sekunde. Zipo pia za greni 185 na 200.

0.40 S&W. Ilitolewa mwezi wa Januari 1990. Uzito wake wa kawaida ni greni 155, 165 na 180. Historia yake imefungamana na mkasa utakaoelezwa hapa chini.

0.380 ACP. Ni risasi ndogo ya mwaka 1908, na kichwa chake huwa na greni 90 hadi 95. Kwa sababu ya udogo wake, uchaguzi wa uzito ni finyu, na umbo la kichwa ndilo lenye kuleta tofauti kubwa.

FUNZO LA MIAMI, 1986

Kwa miaka mingi wataalamu wa Marekani walibishana juu ya ubora wa kichwa chepesi chenye mwendo mkali na kile kizito cha polepole. Mabishano hayo yalitoka katika vitabu na kuingia katika maisha ya watu tarehe 11 Aprili 1986, katika eneo la Miami, jimbo la Florida. Maofisa wanane wa shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI, walikabiliana na wezi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapema katika mapambano hayo, Platt alipigwa na kichwa cha milimita 9 chenye greni 115, cha aina inayopanuka. Kichwa hicho kilipita katika mkono wake wa kulia, kikaingia kifuani na kutoboa pafu, kisha kikasimama kiasi cha sentimita 2.5 kabla ya kuufikia moyo. Jeraha hilo lilikuwa la kumuua, lakini halikumsimamisha. Platt aliendelea kupigana kwa bunduki, na mwisho wa mapambano maofisa Benjamin Grogan na Jerry Dove walikuwa wameuawa, wenzao watano wamejeruhiwa, na wezi wote wawili wamekufa.

Uchunguzi uliofuata uliielekezea kidole risasi ile. Mwezi wa Septemba 1987 shirika hilo liliwakusanya madaktari na wataalamu wa majeraha huko Quantico, jimbo la Virginia. Rai iliyotawala ni kwamba kichwa cha bastola hakina nguvu ya kumwangusha mtu kwa mshindo, na kwamba jambo la kwanza ni kuweza kufika ndani kwa kina cha kutosha, hata pale kinapolazimika kupita kwanza katika mkono, nguo nzito au kioo cha gari. Kutokana na hapo ukawekwa mtihani unaotumika hadi leo. Kichwa hupigwa katika bonge la jeletini lililotengenezwa kwa kipimo maalum, na hutakiwa kuingia si chini ya sentimita 30 na si zaidi ya sentimita 46 hivi.

Hatua iliyochukuliwa kwanza ilikuwa kwenda kwenye uzito. Risasi za greni 147 zilichukuliwa kwa muda mahali pa zile za greni 115. Kisha ikachaguliwa kaliba kubwa zaidi ya milimita 10, ikipakiwa kichwa cha greni 180. Ilipoonekana kwamba risasi kamili ya kaliba hiyo ina msukumo mkubwa, nguvu yake ilipunguzwa. Na kutokana na upunguzaji huo ndipo ilipozaliwa 0.40 S&W, yenye kichwa kile kile cha greni 180 katika ganda fupi. Idara nyingi za polisi nchini humo ziliifuata katika miaka ya 1990.

Hata hivyo safari hiyo haikuishia hapo. Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya shirika hilo hilo ilitoa hoja za kurudi kwenye milimita 9, na baadaye shirika likarudi. Hoja zilikuwa kwamba vichwa vya kisasa vya milimita 9 vinapita mtihani wa kina sawa na vile vikubwa, kwamba magazini inabeba risasi nyingi zaidi, na kwamba maofisa walio wengi hupiga kwa haraka na kwa usahihi zaidi wanapotumia silaha yenye msukumo mdogo. Kwa ufupi, karibu miaka 30 ilipita kabla ya kuthibitika kwamba kilichokosekana mwaka 1986 hakikuwa uzito peke yake, bali kichwa kilichotengenezwa ili kifike mahali panapohitajika.

UMBO NA USALAMA WA WAPITA NJIA

Upande wa pili wa kipimo kile, yaani ule wa sentimita 46, una maana kubwa zaidi kwa wananchi. Kichwa kinachopita kiasi humtoka aliyelengwa na kumfika mtu asiyehusika. Kichwa cha mviringo kilichovikwa shaba yote, ambacho hakipanuki, huweza kuingia zaidi ya sentimita 60 katika jeletini kwa risasi ya milimita 9. Kichwa chenye tundu mbele hupanuka na kupunguza mwendo. Kwa sababu hiyo, mwaka 1998 polisi wa jiji la New York walitangaza kuacha vichwa vilivyovikwa shaba yote na kuchukua vile vyenye tundu, wakieleza kuwa vile vya zamani vilikuwa vinawapita walengwa na kuwafika wapita njia na polisi wenyewe. Inafaa ifahamike kwamba Azimio la The Hague la mwaka 1899 linakataza vichwa vinavyopanuka katika vita baina ya mataifa. Ndiyo maana majeshi yalibaki na vile vya kwanza ilhali polisi wengi walichukua vya pili.

Ikumbukwe kwamba hata kichwa bora hakina faida kikikosa shabaha. Mlango wa mbao, bati, makuti au ukuta wa fito na udongo hauwezi kutegemewa kuzuia kichwa cha bastola, kiwe chepesi au kizito. Ukuta wa mawe au saruji huweza kukirudisha upande usiotarajiwa. Kichwa cha milimita 9 kilichopigwa kuelekea juu huweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kuanguka. Katika mitaa iliyosongamana, na katika visiwa ambavyo nyumba ya mtu imepakana na chuo au msikiti, umbali huo ni mtaa mzima na zaidi.

NAMNA YA KUCHAGUA

Kutokana na maelezo hayo, mwenye bastola halali anashauriwa kufuata mpango ufuatao:

1. Asome kitabu cha mtengenezaji wa silaha yake, na asitumie risasi yenye mgandamizo wa ziada iwapo kitabu hakiruhusu. Silaha kongwe zinahitaji tahadhari zaidi katika jambo hili.

2. Aanze na uzito wa asili wa kaliba yake: greni 124 kwa milimita 9, 158 kwa 0.38 Special, 180 kwa 0.40 na 230 kwa 0.45. Akiwa na sababu ya kuacha uzito huo, sababu hiyo ithibitike kiwanjani.

3. Atazame umbo la kichwa na matokeo yake katika mtihani wa kina kabla ya kutazama nambari ya uzito.

4. Ajaribu risasi hizo katika silaha yake mwenyewe, katika kiwanja kilichoruhusiwa na chini ya msimamizi, mpaka aridhike kwamba hazikwami na kwamba zinapiga pale anapolenga.

5. Afanye mazoezi kwa uzito ule ule anaoubeba. Mtu anayefanya mazoezi kwa greni 115 na kubeba greni 147 amejifunza silaha moja na kubeba nyingine.

Kwa upande wa watumishi wanaobeba silaha za taasisi, uchaguzi huu si wa mtu binafsi. Mtumishi hubeba risasi aliyokabidhiwa, na akiwa na shaka nayo huwasilisha shaka hiyo kwa mkuu wake. Kuchanganya uzito wa aina mbili katika magazini moja si jambo la kufanywa.

HIFADHI NA SHERIA

Hewa ya visiwani ina unyevu na chumvi, mambo ambayo hula ganda na kuharibu fataki. Risasi zihifadhiwe pakavu, ndani ya pakiti zake zenye maandishi ya kaliba na uzito, zikifungiwa mbali na silaha na mbali na mikono ya watoto. Risasi iliyoshika kutu ya kijani, iliyobonyea au ambayo kichwa chake kimezama ndani ya ganda isipigwe, wala isitupwe jaani au baharini. Ipelekwe kituo cha polisi.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka raia awe na kibali kabla ya kumiliki silaha au risasi. Ujuzi wa greni na kaliba haumpi mtu haki ambayo kibali hakikumpa.

Wananchi na watumishi wote wanakumbushwa kwamba bastola hupimwa kwanza kwa busara ya mwenye kuishika. Nambari iliyoandikwa juu ya pakiti inaeleza uzito wa madini tu. Uzito wa dhamana unabaki kwa yule aliyekabidhiwa silaha, na kila kichwa kinachotoka katika mtutu wake ni juu yake mpaka pale kitakaposimama.